Herufi Tatu Zisizo na Mzizi

"Labda tuisome kinyumenyume," alisema Sajenti Wiyoto, akifuta mafuta ya tempe ya kukaanga vidoleni.

Inspekta Palupi hakuinua macho. Wiyoto alikuwa kijana wa Malang, mji ambao vijiweni maneno husemwa kuanzia mwisho kuja mwanzo, na kwake kila kisichosomeka kilikuwa lugha ya kwao tu.

"Kuisoma mbele kumetushinda," Palupi akasema. "Huko nyuma utafika vipi?"

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, urefu wa kiganja. Ilikutwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya jiwe, hatua nane kutoka kibanda cha pampu kilichoteketea pale Sumberlarik, kwenye chemchemi ambayo kampuni ya hoteli ilikuwa ikiitaka. Mlinzi wa kibanda alikuwa hospitali, mikono yake yote miwili imeungua hadi viwiko. Karatasi ilikuwa na mistari miwili ya alama nyembamba zilizosimama kama majani yaliyoota. Kando yake, juu ya meza ileile, yalipangwa madaftari kumi na moja yaliyojaa majani ya namna hiyo hiyo. Yalichukuliwa nyumbani kwa Kasdu, mgawa maji wa kijiji, yeye aliyewaongoza wenzake kukataa kutia sahihi ya kuiachia hoteli chemchemi yao. Kasdu alikuwa selo siku ya tatu.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Pak Hargo, mkuu wa upelelezi, hakuwa na mazoea ya kugonga milango ya kituo chake.

"Kesho saa sita mchana jalada liwe kwa mwendesha mashtaka," alisema.

"Hatujui karatasi inasema nini, Pak."

"Inasema Kasdu. Nani mwingine katika wilaya hii anaandika madudu hayo?"

"Dada yake."

"Basi mlete na dada yake."

Palupi alichukua karatasi na daftari moja, akavaa koti la mvua. Hakwenda kumleta. Alimwendea kumsikiliza.

* * *

Bu Lasmini alikuwa na duka la meno ya bandia nyuma ya soko, alilorithi kwa baba yake. Rafu tatu zilijaa vinywa vya plasta, vya juu na vya chini, vimeandikwa majina ya wenyewe kwa penseli. Yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye mikono ya fundi, alikuwa akipiga tupa kwenye gego.

"Umekuja kunikamata au unataka meno?"

"Nimekuja kuuliza, Bu."

"Mmemwuliza Kasdu siku tatu."

"Akijibu, wenzangu wanasema hawamwelewi."

"Mimi namwelewa tangu ana miaka miwili. Kasoro iko masikioni mwenu."

Palupi akaliweka daftari juu ya kaunta. "Nifasirie ukurasa mmoja. Wowote uutakao. Nikipeleka hata ukurasa mmoja usio na hatari..."

"Hapana."

"Bu, hili ni kosa la kuchoma na kujeruhi. Akitiwa hatiani atazeekea gerezani."

"Na mimi nikikubali itakuwaje? Humo kuna siku aliyokufa mama yetu. Kuna mwanamke aliyempenda, akaolewa na mwingine. Niwape mkakae kituoni mkisomeana na kucheka?" Alilisukuma daftari likarudi kwa Palupi. "Walishacheka vya kutosha. Nifunge na mimi. Hapana."

Hakusema kwa sauti kubwa. Palupi alikuwa amehoji wezi na wauaji, akajua kutofautisha hapana inayosubiri kubembelezwa na hapana iliyokwisha.

"Sawa," alisema. "Usinifasirie chochote. Nifundishe kusoma."

Tupa ikasimama. Lasmini akageukia rafu ya juu kabisa, akashusha kinywa kimoja cha plasta kilichogeuka rangi ya chai. Taya la juu la mtoto. Katikati yake palikuwa na ufa uliopita ufizi ukaingia hadi kwenye kaakaa.

"Kasdu, miaka tisa," alisema. "Baba alikuwa akimtengenezea kifuniko cha kuziba. Mdomo wa juu wenyewe ulikuwa umepasuka hadi puani, haukuzibika kwa plasta. Kila asubuhi wanamsubiri kwenye geti la shule. Sema mama! Sema bapak, umwite baba yako! Sema pisang, tukupe ndizi! Midomo haikutani, mwanangu, pumzi inatokea puani. Wanaanguka chini kwa kicheko. Mimi nina miaka kumi na mmoja. Nikamwambia, wewe huna ubovu wowote, umetoka kwingine tu. Ipo nyota, watu wake hawana midomo kabisa, na huko anayesema p ndiye anayechekwa."

"Nyota gani?"

"Tsirenga." Alilitamka kwa wepesi, *ts* ikikata nyuma ya meno, *r* ikizunguka, *ng* ikimezwa kooni. "Tukaanza na jina. Baadaye salamu. Baadaye kutukana, maana mtoto bila matusi hana lugha." Akavuta pumzi kwa ndani, akabofya ulimi, akamalizia kwa sauti kama mlango unaofungwa ndani ya koo. "Hilo sikufasirii."

Palupi alicheka kabla hajajizuia. Lasmini akachukua penseli.

"Kila herufi ni jani, na kila jani lina mzizi. Mzizi mrefu, sauti inatoka kooni: k, g, ng. Mzizi wa kati, ulimi uko kwenye kaakaa: y, j. Mzizi mfupi, nyuma ya meno: t, d, s, n, l, r. Ukiuona mzizi unajua ulimi uupeleke wapi, hata kama neno hujawahi kulisikia. Vitawi vya pembeni ndizo vokali. Kimoja a, viwili i, vitatu e. Na mstari unaanzia chini ya ukurasa, unapanda."

"Kwa nini upande?"

"Uliona wapi nyasi zikiota kwenda chini?"

Palupi alinakili hizo na nyingine alizochorewa kwenye kijitabu chake, kumi na tisa kwa jumla. Ndipo alipoitoa ile karatasi ya kibandani, ndani ya mfuko wake wa ushahidi.

Lasmini alivaa miwani. Akaigeuza karatasi juu chini, akairudisha.

"Imeandikwa kutoka juu kushuka," alisema. "Na mwenye mkono mzito." Akaanza kutamka, kidole kikifuata alama, na kila mahali kilipokwama alinyamaza kwa kipimo cha sauti moja. "...ala... ini ...akar. Sia...kan ...inyak."

Palupi alisikia lugha yake mwenyewe, imeng'olewa meno. Akajaza mapengo. "*Malam ini bakar. Siapkan minyak.*" Usiku huu choma. Tayarisha mafuta.

"Eeh. Hicho si Kitsirenga. Ni Kiindonesia kilichovalishwa shati letu."

"Na alama ulizoziruka?"

"Sizijui. Angalia mwenyewe. Duara lenye mkia. Duara lenye mikia miwili. Duara lenye nukta ndani. Iko wapi mizizi yake?"

"Hazina."

"Zitaipata wapi? Ni p, b na m. Sauti za midomo. Ulimi hapo umelala hauna kazi, na sisi tulikuwa tunachora ulimi." Alivua miwani kwa hasira. "Aliyeandika alizihitaji, akazitafuta kwenye ubao wetu akazikosa. Akazua."

"Ubao gani?"

"Darasa la sita. Mwalimu mmoja, mtu mwema tu, alimwambia Kasdu achore herufi zote kwenye kadibodi na sauti zake kando, akaitundika ukutani. Alidhani anamheshimisha. Haikupita wiki, watoto wakawa wanasoma vijikaratasi tulivyokuwa tukipeana. Tangu siku ile hatujaisema mbele za watu. Nyumbani tu, mlango umefungwa."

* * *

Pak Hargo alimsikiliza akiwa amesimama dirishani. Palupi alipomaliza, Hargo alitabasamu kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi.

"Mtu aliyebuni herufi kumi na tisa," alisema, "atashindwa kuongeza tatu?"

"Na mwelekeo wa mistari?"

"Alikuwa na haraka."

"Madaftari kumi na moja, Pak, miaka arobaini, hajawahi kuandika hata neno moja la Kiindonesia."

"Kwa sababu hakuwahi kuchoma kitu." Hargo alikaa. "Palupi, nimepigiwa simu mara mbili leo na watu wa hoteli. Sitaki ya tatu. Kesho saa sita."

Jibu lile lilikuwa baya, lakini mbele ya hakimu mvivu lingetosha. Palupi alishuka ngazi akilijua hilo, na njiani alipitia kwa karani akachukua maelezo ya mtuhumiwa. Kurasa nne. Kwenye kila swali, Wiyoto alikuwa amepiga chapa jibu lilelile: *Mtuhumiwa anatoa sauti zisizoeleweka.* Mara kumi na saba.

Akamwambia mlinzi wa selo afungue, akaingia na kiti chake.

Kasdu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye viganja vilivyopasuka kwa matope. Kovu la mshono wa zamani lilipanda kutoka mdomoni hadi puani. Aliiangalia kalamu ya Palupi, akangoja.

"Sikuulizi kama ulichoma," Palupi alisema. "Nakuuliza darasa la sita. Nani alijua kuisoma ile kadibodi kuliko wote?"

Kasdu alijibu mara moja. Sauti nusu ilitokea puani, na konsonanti ya mwisho ilipulizwa tu badala ya kugongwa. Palupi alitega sikio kama alivyofundishwa dukani, akafuata ulimi, midomo akaiacha.

"Dwipa," alirudia. "Dwipayana? Huyu msimamizi wa ujenzi wa hoteli?"

Kichwa kikaitika. Halafu Kasdu akasema tena, polepole, na safari hii Palupi alishika yote bila kuomba kurudiwa: Alikuwa anapanda juu ya dawati anasoma barua zetu. Kwa sauti. Bila kukwama.

"Kwa nini hukuyasema haya siku ya kwanza?"

"Nilisema," Kasdu akajibu. "Nilimtaja mara tano. Soma mlichoandika."

Palupi aliziangalia zile kurasa nne mapajani mwake. Akazikunja, akachukua kiti chake. Kasdu alimtumbulia macho hadi alipotoka.

* * *

Asubuhi, saa tatu na nusu, Pak Dwipa aliingia chumba cha mahojiano kwa miguu yake mwenyewe, akinukia sigara za karafuu, amemletea kila askari wa mapokezi pakiti ya keki. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Wiyoto aliketi kwenye mashine ya kuchapa. Palupi alimwonya mapema: leo utaandika kila kinachotoka kinywani, hata kikohozi.

"Asante kwa kuja, Pak. Tumeambiwa wewe ndiye mtaalamu wa haya maandishi."

"Mtaalamu!" Dwipa alicheka. "Ujinga wa utotoni. Nilikaa dawati moja na yule bubu."

"Si bubu."

"Sawa, yule bwana. Kichwa chake kilikuwa sayari nyingine, hicho ndicho nakwambia."

"Mara ya mwisho kuziona herufi zake?"

"Shule. Miaka arobaini."

"Na karatasi iliyokutwa karibu na kibanda?"

"Nasikia ipo. Sijaiona."

"Hata kwa mbali? Hata picha kwenye simu ya mtu?"

"Sijaiona kabisa. Niiapie?"

"Sahihi inatosha." Wiyoto alichomoa ukurasa, Dwipa akausoma, akatia sahihi yenye madoido. Palupi aliukunja akauweka chini ya kiwiko chake. Hapo ndipo alipotoa karatasi nyingine.

"Hii niliandika mwenyewe jana, mezani kwangu, kwa kufuata ile kadibodi. Nataka kumwandikia mkuu wangu kwamba Kasdu si mtu pekee anayesoma. Tatizo ni Bu Lasmini. Anasema hukuwahi kujua, ulikuwa unabahatisha na kujitungia ili wenzako wacheke."

"Lasmini kasema hivyo?"

"Kasema hata mstari mmoja hukuumaliza."

Dwipa aliivuta karatasi kama anayenyang'anya. Maneno yalikuwa kumi na matano, ya kawaida, ya Kiindonesia, katika mstari unaokwenda kushoto kulia. "Lete saa," alisema, akaanza. "*Jalan. Tanah. Ikan. Langit. Garis. Hati.*" Njia, ardhi, samaki, anga, mstari, moyo. Alisoma akipiga meza kwa kidole, neno kwa pigo, kama aliyesimama tena juu ya dawati. "*Malas, palas, balas. Pati, mati, bati. Baling, paling...*"

Kidole kilipiga mara ya mwisho.

"*Maling*," alisema. Mwizi. "Haya. Kamwambie Lasmini."

Mashine ya Wiyoto ilimaliza kugonga. Palupi hakutikisika.

"Vizuri sana. Hayo tisa ya mwisho, ulijuaje lipi ni lipi?"

"Kwa kusoma! Hii m, hii p, hii b." Aliyagusa maduara moja moja, lenye nukta, lenye mkia, lenye mikia miwili. Kisha kidole kikabaki palepale kwenye karatasi.

"Bu Lasmini na Kasdu walibuni lugha ya watu wasio na midomo," Palupi alisema. "Hawana p. Hawana b, hawana m. Kwenye kadibodi hazikuwapo. Jana jioni nilipitia madaftari kumi na moja, ukurasa kwa ukurasa, humo hazimo. Duniani zipo mahali pawili tu. Kwenye hii niliyonakili, na kwenye karatasi ya kibandani ambayo umetia sahihi kwamba hujaiona."

"Nimekisia. Kwa maana ya neno."

"*Malas*, *palas* na *balas* yote ni maneno. Ungeanza na lolote. Nimeyapanga makusudi kila kundi kwa utaratibu wake, na hukukosea hata moja, wala hukusita."

"Umenitega wewe mwanamke."

"Andika, Sajenti. Anasema nimemtega."

Dwipa alisimama, kiti kikaanguka. Jasho lilikuwa limevunja mikunjo ya shati. "Unajua nani ananiajiri? Unajua wiki ijayo utakuwa unaongoza magari kisiwa gani?"

"Andika na hilo," Palupi alisema. "Halafu mwulize ni nani hasa anayemwajiri, herufi kwa herufi. Tunayo nafasi."

Dwipa alidai wakili. Wiyoto, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika tangu Dwipa alipolisoma neno *mati* bila kukwama, ndiye aliyefunga mlango kwa ufunguo na kusimama mbele yake.

* * *

Pak Hargo aliyasoma maelezo mara mbili. Simu ya mezani iliita, ikaita, akaiacha.

"Hili litanitoa jasho," alisema hatimaye. "Lilale hapa kwanza. Nitazungumza na watu wa hoteli, tutaona namna."

"Nakala iko kwa mwendesha mashtaka, Pak. Nimeipeleka mwenyewe saa tano."

"Bila sahihi yangu?"

"Ulisema saa sita jalada liwe kwake. Limewahi."

Simu ikanyamaza. Hargo aliyasukuma maelezo kando. "Watakuhamisha. Mimi sitawazuia."

"Wanihamishe. Kasdu nimeshatia sahihi atoke." Palupi aliweka kurasa nyingine nne juu ya meza. "Na haya ni maelezo yake mapya. Nimeyaandika mimi. Majibu kumi na saba, yote yanaeleweka. La tano linahusu Sajenti wetu, aliyelisikia jina la Dwipa asiliandike, na la sita linakuhusu wewe, uliyemharakisha."

Alitoka kabla hajaruhusiwa.

Uwanjani jua lilikuwa limekausha mvua ya alfajiri. Askari wa zamu walikuwa wakila keki za Dwipa chini ya kibanda cha pikipiki. Bu Lasmini alisimama nje ya geti, ng'ambo ya barabara, na aproni yake ya kazini, unga wa plasta hadi kwenye nywele. Kasdu alitokea upande wa selo amekumbatia madaftari yake kumi na moja, akamwona dada yake kwa mbali.

Alisimama katikati ya uwanja. Akaita.

Haikuwa sauti ya selo. Ilitoka kooni nzima, ikapanda, ikakatwa nyuma ya meno, ikabofya, ikavutwa ndani kwa pumzi ndefu iliyowafanya askari waache kutafuna. Mmoja alianza kucheka, akatazama wenzake, akaona hakuna aliyemfuata. Lasmini alifunika uso kwa mikono. Kisha akaishusha, akainua kidevu, akamjibu kwa nguvu ileile kuvuka barabara, na wauza mboga wakageuka.

Waliendelea hivyo wakikaribiana, hatua kwa hatua, bila kupunguza sauti, hata walipokuwa wamefikiana na wangeweza kunong'ona.

Wiyoto alikuwa amekuja kusimama kando ya Palupi mlangoni. "Wanasemaje?" aliuliza.

"Mfuate Kasdu ukamwulize," Palupi alisema. "Na ukifika, anza kwa kumwomba radhi."

Wiyoto alivua kofia, akaishika mkononi, akaanza kuvuka uwanja.